Daftari la Nyumba: Udhaifu wa Udhibiti wa Ndani katika Mamlaka Ndogo za Nyumba za Umma

Udhibiti wa ndani ni taratibu ambazo taasisi hujiwekea yenyewe ili mali yake isipotee, hesabu zake ziwe za kweli na kazi zake zifuate sheria, hata siku ambayo hakuna mkaguzi anayekuja kutoka nje. Katika taasisi kubwa taratibu hizo zina wenyewe: idara ya fedha, kitengo cha manunuzi, mkaguzi, mwanasheria. Katika taasisi inayomiliki nyumba thelathini au hamsini, kazi zote hizo mara nyingi zimekaa kwenye meza moja. Makala haya yanaeleza taratibu hizo hulegea wapi, kwa nini hulegea hapo, na ofisi ndogo inaweza kufanya nini kwa watu wachache ilio nao. Hoja yake kuu ni kwamba upotevu wa nyumba za umma huanzia kwenye orodha ya nyumba, kabla shilingi yoyote haijapokelewa.

Wanaomiliki nyumba za umma

Nchini Tanzania, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, kutunza majengo na nyumba za watumishi wa serikali, na kuanzia kipindi hichohicho maelfu ya nyumba za serikali ziliuzwa, wengi wa wanunuzi wakiwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake. Uamuzi ule ulizua mjadala uliodumu miaka mingi bungeni na mitaani. Zanzibar nako Shirika la Nyumba lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, likakabidhiwa nyumba za maendeleo zikiwamo zile za Michenzani zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Hayo ni mashirika yenye bodi na makao makuu. Wenye nyumba wadogo zaidi ni halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na karibu kila moja ina nyumba za walimu, za waganga na wauguzi, za watendaji, pamoja na vibanda na majengo machache ya kupangisha. Hakuna aliyeziita halmashauri hizo mamlaka za nyumba, kwa hiyo hakuna aliyezijengea mifumo ya mamlaka za nyumba. Anayesimamia nyumba ni afisa mwenye kazi nyingine kumi. Ndiyo maana nazihesabu humu, tena kwa umuhimu wa kwanza.

Tutazame mahali pamoja kama mfano. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukapita Igoma, unafika Kisesa katika wilaya ya Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji. Bujora iko hapo. Wageni wanaijua kwa Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950, na kwa ngoma za Bulabo zinazochezwa wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Wenyeji wanaijua pia kwa vyumba vya kupanga. Jiji limesogea hadi huku, barabara ya Usagara hadi Kisesa imeongeza magari na biashara, na mwalimu anayepangiwa shule ya karibu anagombea chumba kimoja na mtu anayefanya kazi mjini. Mahali pa namna hii nyumba ya umma yenye kodi ndogo ni neema kubwa kwa anayeipata.

Msomaji aitazame vizuri tofauti hiyo ya kodi, kwa sababu ndiyo inayoliwa. Nyumba ikipangishwa na umma kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na mtaani nyumba kama hiyo ikawa 100,000, basi yule anayeamua nani apewe ufunguo ana shilingi 70,000 za mwezi mikononi mwake ambazo hazionekani kwenye kitabu chochote. Anaweza kumpa anayestahili. Anaweza kumpa ndugu. Anaweza kumpa mtumishi ambaye naye atampangisha mtu mwingine kwa bei ya mtaani na kugawana naye. Katika njia zote tatu mapato ya halmashauri ni yaleyale shilingi 30,000, na hesabu zake zinakaa sawa kabisa.

Nguzo tano na meza moja

Mwaka 1992 kamati moja ya Marekani, iitwayo kwa kifupi COSO, ilitoa mfumo wa udhibiti wa ndani ambao wakaguzi wa dunia nzima wanautumia. Ulihuishwa mwaka 2013. Una nguzo tano: mazingira ya udhibiti, yaani msimamo wa viongozi, tathmini ya vihatarishi, shughuli za udhibiti zenyewe, taarifa na mawasiliano, na ufuatiliaji. Nguzo hizo ni sahihi, lakini ziliandikwa na watu waliokuwa wakiyafikiria makampuni. Kwa ofisi ndogo ya nyumba, nguzo ya tatu ndiyo inayobeba zaidi, na ndani yake jambo moja: mgawanyo wa majukumu.

Kanuni yake ni nyepesi kuielewa. Anayeidhinisha asiwe anayetunza mali. Anayetunza mali asiwe anayeandika kumbukumbu. Anayeandika asiwe anayekagua. Utemi wa Wasukuma, ambao ngoma zake zimehifadhiwa Bujora katika jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, haukumwachia mtu mmoja mambo yote: wajumbe wa baraza la utemi, walioitwa banang'oma, ndio waliomchagua ntemi, yaani mtawala, na waliweza kumwondoa. Katika ofisi ya nyumba za halmashauri leo, afisa mmoja hupokea maombi, hupendekeza nani apewe, hutunza funguo, huandika daftari, hupokea malalamiko ya paa linalovuja, humtafuta fundi, na huandika kwamba fundi amemaliza. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini mfumo huo hauna namna ya kuthibitisha uadilifu wake, na siku akihamishwa, mrithi wake hana namna ya kujua alichokikuta.

Donald Cressey, msomi wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliokuwa wameaminiwa fedha za watu na kuzila, alieleza mwaka 1953 kwamba mambo matatu hukutana: shida ambayo mtu hawezi kumwambia mwenzake, nafasi ya kuchukua bila kuonekana, na sababu anayojipa ya kuona kwamba si wizi. Shida za watumishi ofisi haiwezi kuziondoa zote. Sababu wanazojipa zimo vichwani mwao. Nafasi ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa ofisi, na nafasi hupunguzwa kwa taratibu.

Daftari

Waswahili wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa nyumba za umma usemi huo ni maelezo ya kitaalamu kamili.

Daftari la nyumba ni orodha inayopaswa kuonyesha, kwa kila nyumba, namba yake, mahali ilipo, kiwanja na hati yake, mwaka ilipojengwa, vyumba vyake, hali yake, nani anaishi, tangu lini, kwa mkataba gani, kodi yake ni kiasi gani, na ukarabati wa mwisho ulifanywa lini. Chukua ukurasa mmoja wa daftari la aina hiyo katika ofisi isiyolitunza. Safu ya jina ina mtumishi aliyehamia wilaya nyingine miaka iliyopita. Safu ya kodi iko tupu, au ina kiwango cha zamani. Safu ya hali imeandikwa neno moja: mbovu. Mtu wa kawaida ataona ni uzembe wa kuandika. Mkaguzi mzoefu atainuka kitini aende kuiona nyumba, kwa sababu neno mbovu linaiondoa nyumba kwenye mapato bila kuiondoa kwenye ardhi. Akikuta nguo zimeanikwa uani, amepata hoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri ina nyumba 40 za kupangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mapato yanayotarajiwa kwa mwaka ni shilingi milioni 14.4. Nyumba sita zimeandikwa mbovu lakini zina watu. Ofisi itatarajia milioni 12.24, itakusanya milioni 12.24, na taarifa ya robo mwaka itasema makusanyo ni asilimia mia moja ya lengo. Shilingi 2,160,000 hazikuibwa kutoka kwenye akaunti. Hazikuwahi kuandikwa kwamba zinadaiwa. Kodi isiyoandikwa kwamba inadaiwa haiwezi kuonekana kwamba haikulipwa. Usuluhisho wa benki hautaigundua, wala mfumo wa kompyuta, wala mweka hazina mwenye bidii.

Daftari huharibika zaidi mipaka inapobadilika. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulianzishwa na wilaya ya Busega ikamegwa kutoka Magu. Mwaka huohuo Ilemela ikawa manispaa iliyojitenga na Jiji la Mwanza. Kila wilaya inapogawanyika, nyumba na viwanja vinapaswa kugawanywa kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, pamoja na madeni ya wapangaji. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia mara nyingi, kwa halmashauri mbalimbali nchini, hoja ya mgawanyo wa mali na madeni usiokamilika, na hoja ya majengo na viwanja vya umma visivyo na hati miliki. Nyumba isiyo na hati inalindwa na kumbukumbu za wazee wa ofisi, na wazee wa ofisi wanastaafu.

Kodi, na kile ambacho mfumo hauoni

Kwa miaka mingi ugonjwa mkubwa ulikuwa kitabu cha stakabadhi. Mkusanyaji alikuwa na vitabu viwili, au aliandika kiasi kimoja kwenye nakala ya mlipaji na kingine kwenye nakala inayobaki. Mwaka 2017 serikali ilianza kutumia mfumo wa malipo wa GePG, na mlipaji akaanza kupewa namba ya malipo inayoanza na 99, analipa benki au kwa simu, na fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi. Hatua hiyo ni kubwa, na inastahili sifa bila kusitasita. Anayelipa kwa njia hiyo hahitaji tena kumkabidhi mtu fedha taslimu.

Hata hivyo mashine za kukusanyia mapato, zile za POS, zimeleta hoja nyingine: ripoti za ukaguzi zimekuwa zikitaja fedha zilizokusanywa kwa mashine lakini hazikupelekwa benki. Na kuna pengo la pili ambalo ni pana zaidi. GePG inailinda fedha tangu namba ya malipo inapotolewa. Namba hutolewa na mtu aliyefungua ankara. Ankara hufunguliwa kutokana na daftari. Tukirudi kwenye zile nyumba sita, hakuna aliyezifungulia ankara, na mfumo hauwezi kuuliza kuhusu nyumba usiyoijua.

Madeni ni jambo jepesi zaidi kuliona, na pengine ndiyo sababu linasemwa sana. Shirika la Nyumba na TBA wametangaza mara kadhaa kuwaondoa wadaiwa sugu, na miongoni mwa wadaiwa hao zimetajwa taasisi za serikali zenyewe. Katika halmashauri ndogo mdaiwa ni mwenzako wa ofisini, huenda ni mkuu wako wa idara, na barua ya kumdai inabidi uiandike wewe. Dawa yake ni makato ya mshahara yanayoanza siku anapopokea ufunguo, yakiwa yameidhinishwa kwenye mkataba. Urafiki ukishaingia kwenye kudai, deni huzeeka hadi likaombewa kufutwa.

Ukarabati: mahali ambapo udogo unadanganya

Februari 2024 waendesha mashtaka wa shirikisho jijini New York waliwashtaki kwa mkupuo watu 70, watumishi wa sasa na wa zamani wa mamlaka ya nyumba za umma ya jiji hilo, kwa kudai na kupokea rushwa kutoka kwa mafundi. Mamlaka hiyo ni kubwa kuliko yote Marekani, lakini mlango uliotumika ulikuwa mdogo. Kazi za thamani isiyozidi dola 10,000 hazikuhitaji ushindani wa zabuni. Msimamizi wa eneo aliweza kumchagua fundi mwenyewe. Wasimamizi walidaiwa kuomba mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya thamani ya kazi. Wengi wa washtakiwa walikiri makosa.

Ninaleta mfano huo kwa sababu ofisi ndogo ya nyumba, iwe Magu au Mombasa, inafanya karibu kazi zake zote za ukarabati chini ya kiwango cha aina hiyo. Kwake manunuzi madogo ndiyo manunuzi yote. Kitasa, bati, bomba, shimo la choo, rangi: kila kimoja ni kidogo mno kutangazwa, na vyote pamoja kwa mwaka ni bajeti nzima. Kazi kubwa nayo huvunjwa vipande ili kila kipande kipite bila ushindani, jambo ambalo sheria ya manunuzi inalikataza lakini ambalo halionekani mpaka mtu aziweke hati zote za nyumba moja mahali pamoja.

Hati ya malipo inaweza kusema: bati 20 za geji 28, mbao, misumari, ufundi, jumla yake, sahihi tatu. Ina kila kitu isipokuwa neno la mtu aliyekuwa amelala chini ya paa hilo. Mkazi angeulizwa angesema bati zilizobadilishwa ni sita, na kwamba mvua za masika bado zinaingia chumba cha pili. Huo ndio udhibiti wa bei rahisi kuliko wote ambao mamlaka ndogo za nyumba hazitumii: sahihi ya mkazi kwenye fomu ya kumaliza kazi, kabla fundi hajalipwa.

Katika ujenzi mpya hali imekuwa bora kidogo. Nyumba nyingi za walimu na wauguzi za miaka ya karibuni, zile za mbili kwa moja na tatu kwa moja, zimejengwa kwa utaratibu wa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, fedha zikiingia kwenye akaunti ya shule au kituo. Kijiji huunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi ya vifaa. Kwenye karatasi huo ni mgawanyo wa majukumu safi kabisa. Huharibika pale mwalimu mkuu anapokuwa katibu wa kila kamati na stoo ikawa ofisini kwake, au wajumbe wanapotia sahihi mihtasari ya vikao ambavyo hawakukaa. Saruji ikishafunguliwa haihesabiki tena. Mjumbe wa mapokezi lazima awepo lori linaposhusha, akiwa na daftari lake mwenyewe.

Wakaguzi na muda wao

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaitaka kila halmashauri iwe na mkaguzi wa ndani. Mwaka 2010 sheria ya fedha za umma ilirekebishwa ili kuweka Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, kwa nia ya kuwapa wakaguzi hao mgongo. Bado mkaguzi wa ndani wa halmashauri anategemea gari, mafuta na posho kutoka kwa mkurugenzi yuleyule ambaye kazi zake anazikagua, na ripoti za CAG zimeeleza kwa miaka mingi vitengo vyenye watu wachache na bajeti finyu. Akiwa na fedha za safari chache, atakwenda kukagua miradi mikubwa. Nyumba mbili za walimu zilizo mwisho wa barabara ya vumbi zitasubiri.

CAG naye hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni. Nyumba iliyotolewa kinyume cha utaratibu mwezi Julai huweza kuingia kwenye ripoti takriban miezi ishirini baadaye, kama iliangukia kwenye sampuli. Tena hati safi anayoitoa inahusu kama taarifa za fedha zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kikubwa. Kodi ya nyumba sita ni tone ndani ya bajeti ya halmashauri, kwa hiyo hati itabaki safi. Madiwani wanaoshangilia hati safi na kufunga mjadala wa mapato ya nyumba wanachanganya mambo mawili.

Ofisi ndogo ifanye nini

Jibu la kawaida, kuajiri watu zaidi, halifai kwa ofisi yenye watu watatu. Wataalamu wanazungumzia udhibiti mbadala: pale usipoweza kugawa kazi, unaongeza jicho. Daftari la nyumba liwe na nakala mbili zinazotunzwa na ofisi mbili, tuseme utumishi na uhandisi, na zilinganishwe kila robo mwaka. Mara moja kwa mwaka mtu wa idara nyingine kabisa, afisa mifugo au afisa maendeleo ya jamii, apewe orodha na siku chache za kuzitembelea nyumba zote, agonge mlango, aulize nani anaishi humo na analipa wapi. Ufunguo usibadilishe mikono bila fomu inayoeleza hali ya nyumba, vioo vingapi, vitasa vingapi. Mwenye kutunza daftari achukue likizo yake yote ya siku ishirini na nane, na mwingine akalie kiti chake. Mambo mengi yaliyofichwa hujulikana katika siku hizo.

Hayo yote yanahitaji mkurugenzi anayeyataka. Lipo moja ambalo halimhitaji sana: orodha ya nyumba za umma za kata, na hali ya kila moja, kodi yake na kama ina mtu au haina, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Majina ya wakazi si lazima. Jirani wa nyumba iliyoandikwa mbovu anajua taa huwashwa saa ngapi humo ndani, na hakuna mkaguzi atakayemshinda kwa taarifa hiyo.

Ewe mkazi wa Bujora, Kisesa na kwingineko, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na diwani wako anaingia kwenye baraza kila robo mwaka. Muulize mtendaji, kisha diwani: kata yetu ina nyumba ngapi za umma, zipi zina watu, kila moja inadaiwa shilingi ngapi, na nani aliyekwenda kuziona kwa macho mwaka huu. Usiondoke bila majibu hayo manne kuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano.